Gari la Maji la Makote na Mashindano ya Kupanda Newala

Vijana mnaoshika spana, na ninyi mnaoshika usukani, sikuombwa na mtu kuandika haya. Nimesukumwa na hasira kidogo na shukrani nyingi. Nianze na hasira, ili nimalizane nayo mapema.

Majuzi nilikuwa nimejikinga mvua kwenye kijiwe cha bodaboda pale Lisekese, Masasi. Kijana mmoja alikuwa akiwasimulia wenzake kwamba zamani, kabla ya lami, yalikuwapo mashindano ya magari kutoka hapo hadi Newala, na kwamba mshindi alikuwa dereva wa kijiji cha Makote aliyezoea kusafirisha gongo ndani ya mapipa ya maji. Wenzake walicheka kwa furaha kubwa.

Nikamwuliza, "Hayo umeyapata wapi, mjukuu wangu?"

"Yanasemwa, babu. Na lisemwalo lipo."

Methali hiyo siipendi. Nimeishi na injini muda wa kutosha kujua kwamba mengi husemwa na hayapo, na mengi yapo na hakuna ayasemaye. Dereva yule hakushinda mashindano. Hakubeba gongo. Nayasema haya kwa sababu siku ile nilikuwa nimekaa kando yake, kiti cha kushoto, na spana zangu miguuni.

Nilisoma shule ya misheni, kisha chuo cha ufundi, nikarudi Masasi kufanya kazi katika gereji iliyoongozwa na Fundi Oswald, mzee wa kanisa mwenye sauti ya chini na kauli fupi. Aliyonifundisha mtu yule hayakuwamo katika vitabu vyangu, na vitabu vyangu aliviheshimu. Alivikopa, akavisoma, akavirudisha vimefungwa karatasi ya kaki. Alikuwa na sheria moja katika gereji: "Usiniletee ulichosikia. Niletee ulichoshika."

Mtamwelewa kwa mfano huu. Siku moja liliingia lori likivutwa na lori jingine. Mwenyewe alikuwa karibu kulia. Alisema wataalamu watatu wa barabarani wamekwisha kumhakikishia kwamba gia boksi imekufa na haina dawa. Fundi Oswald alifungua mlango wa lori. Aliniambia, "Ingia, ukanyage klachi, kisha uniambie mguu wako umehisi nini." Nikakanyaga. Klachi haikushuka hadi chini. Nikainama, nikapeleka mkono, nikatoka na kandambili ya utingo iliyokuwa imenasa chini ya pedeli. Fundi Oswald aliipokea kwa vidole viwili, akamkabidhi mwenye lori. "Pole kwa msiba," akamwambia.

Ninyi wa siku hizi mna vifaa vya kuchomeka garini vinavyowasomea ugonjwa. Vitumieni, mimi si adui wa maendeleo. Lakini kabla ya kuchomeka, kanyageni, shikeni, nuseni. Wekeni ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini na mpini wake kwenye mfupa wa sikio, msikilize beringi inayolalamika. Huo ndio usikivu pekee niliofundishwa kuuamini.

Sasa nije kwenye mashindano. Katika shule moja jirani alikuwapo mwalimu wa Kimarekani, mtu mrefu mwenye shati lisilokosa mafuta, ambaye kila alasiri alikuja gereji kutazama kazi. Tulimwita Mwalimu Roy. Yeye ndiye aliyebandika ukutani kwetu picha za mashindano ya kwanza ya kwao. Nilizitazama kwa makini picha zile. Yalikuwa magari ya kawaida kabisa, ya aina ambayo mtu hununua dukani kumpeleka mkewe kanisani. Milango ilikuwa imefungwa kwa mikanda ya suruali isifunguke kwenye kona. Namba zilikuwa zimepakwa kwa brashi, nyingine zikiwa zimepinda. Madereva walivaa mashati yao ya kazi, mikono imekunjwa, nyuso nyeupe kwa vumbi isipokuwa duara mbili za miwani. Na njia ilikuwa ya udongo, au mchanga wa pwani. Wala si lami.

Picha niliziona. Mengine ni maneno ya Mwalimu Roy, nami nawapeni kama maneno yake. Alisema baba yake aliwajua madereva wale. Wengi wao, alisema, walijifunza kukata kona wakiwakimbia polisi huko milimani, wakiwa wamebeba pombe haramu katika magari ambayo kwa nje yalionekana ya kwenda sokoni, na kwa ndani injini zilikuwa zimechokonolewa zikawa kama simba. Wakikutana Jumapili walibishana nani mwenye mbio. Ubishi ukawa mkubwa, ukatafutiwa uwanja, na watu wakaja kutazama.

"Hawakuwa malaika," Mwalimu Roy alisema, "lakini gari walilijua kama mkulima anavyojua jembe lake."

Fundi Oswald alizitazama picha zile kwa muda, kisha akauliza swali moja. "Walikuwa wamebeba nini siku ya mashindano?"

"Hakuna kitu, Fundi. Gari tupu."

"Gari tupu halisemi ukweli," Fundi Oswald akajibu.

Hivyo ndivyo yalivyozaliwa mashindano yetu, na kanuni yake haikutoka Marekani. Ilitoka kwa mzee wa kanisa wa Masasi: kila gari lije kama lilivyofanya kazi jana, na mzigo wake uleule, na mzigo ufike salama. Anayebeba korosho abebe korosho. Anayebeba mabenchi ya kanisa abebe mabenchi. Na kwa kuwa barabara ilikuwa mbaya, kila dereva aliruhusiwa kukaa na fundi mmoja.

Lakini hadithi ya pombe haikubaki ukutani kwetu. Ilitoka gereji, ikapita sokoni, ikapanda basi, na ilipofika Newala haikuwa tena ya Wamarekani. Ilikuwa imepata dereva mpya: Issa wa Makote, ambaye wote tulimwita Baba Somoe kwa jina la binti yake wa kwanza.

Ni lazima mwelewe hali ya kule juu. Uwanda wa Newala ni mchanga; mvua inyeshayo huzama, na chemchemi ziko chini kabisa, kwenye miteremko. Mabomba yalikuwapo, lakini wakati ule yalikuwa kama mgeni wa heshima, huja kwa nadra na huondoka mapema. Wanawake walishuka bondeni na kupanda na ndoo kichwani. Watu wa Makote walikuwa wamechanga kutokana na korosho zao, wakanunua landrova moja iliyokwisha kutumika, wakaiwekea mapipa, wakampa Baba Somoe ufunguo. Gari lile lilikuwa shingo za wake zao.

Tatizo lilikuwa hili: mapipa yaliondoka bondeni yamejaa na kufika Makote yamepungua. Baba Somoe alieleza kwamba gari huchemka kwenye mlima, naye hulazimika kuchota katika mapipa kuinywesha rejeta, kipoza injini. Wazee walimwamini, hadi hadithi ya Mwalimu Roy ilipofika imevaa kanzu ya Makote. Hapo kila mtu akajua "ukweli": nusu ya mapipa ni gongo ya mabibo ya mikorosho, inashushwa njiani, na maji ni kisingizio. Wakamsema hivyo mtu ambaye hata togwa iliyokaa sana aliinusa kwanza kabla ya kuonja.

Aliyelieneza neno lile kwa bidii zaidi alikuwa Bakari, dereva wa pikapu ya mbuzi. Alipokutana na Baba Somoe kituo cha mafuta, alipaza sauti watu wasikie: "Baba Somoe, leo umejaza petroli au umejaza ile yenyewe?" Watu wakacheka. Baba Somoe alikaza kofia yake, akalipa, akaondoka.

Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Chilumba, alilifungia gari. Hakuwa mtu mwovu. Alikuwa mtu aliyekabidhiwa mali ya watu. Akatoa uamuzi mbele ya wote: Baba Somoe ataingia mashindano yale, mapipa yatafungwa kamba kwa mkono wa mwenyekiti mwenyewe, na yatafunguliwa Newala. Yakiwa yamejaa, ataendelea na kazi. Yakipungua, atakabidhi ufunguo palepale, na kila mtu atakuwa na ruhusa ya kuamini alichoamini.

Baba Somoe alituma ujumbe gereji. Tukapanda Makote, Fundi Oswald na mimi.

Gari lilikuwa limeegeshwa kando ya ghala. Fundi Oswald alisikiliza maelezo ya kila mtu kwa adabu, kisha akaniambia nifungue koki ya chini ya rejeta. Kabla sijaigusa, Baba Somoe aliwahi kusukuma beseni chini yake. Alifanya hivyo bila kufikiri, kama mtu anavyoziba mdomo anapopiga mwayo. Maji yakatoka kidogokidogo, mazito, mekundu kama uji wa ulezi.

"Maji haya huwa unayapeleka wapi?" nikauliza.

"Nayarudisha, Fundi. Maji ni maji."

"Tangu lini?"

"Tangu tulipolinunua gari. Siwezi kumwaga maji, mimi mtu wa Makote."

Fundi Oswald alinitazama, nami nikamtazama. Ugonjwa ulikuwa mkononi mwetu. Hakuna uzembe wala wizi uliolichemsha gari lile. Lilikuwa limechemshwa na adabu. Kila fundi na kila utingo wa uwandani alikuwa amelelewa kuogopa kumwaga maji. Hivyo kila walipofungua rejeta walikinga, wakarudisha, kutu na tope pamoja, mwaka hata mwaka, mpaka vijia vya ndani vikaziba. Gari lilikuwa likinyweshwa damu yake chafu. Sijapata kuona kosa kama hilo mahali pengine, na sijapata kuona kosa lililotoka katika wema mkubwa kiasi hicho.

Dawa yake inajulikana, nanyi ishikeni: ng'oeni rejeta, mimineni maji safi kwa nguvu kutokea chini kwenda juu, kinyume na njia yake ya kawaida, mpaka yatoke meupe. Fanyeni hivyohivyo kwa injini. Msihurumie maji. Na hapo ndipo palipokuwa na mgogoro.

"Pipa zima?" Mzee Chilumba akauliza.

"Pengine na nusu," Fundi Oswald akajibu.

"Limwagwe mchangani? Kiangazi hiki?"

"Ndiyo, Mwenyekiti."

"Fundi, umekuja kutengeneza gari au kutukana kijiji?"

Watu walikuwa wamekusanyika. Akatoka Mama Somoe, mke wa dereva, mwanamke mfupi mwenye shingo imara. Akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba. Tulishaamkiana asubuhi, Mama Somoe."

"Naamkia tena maana ninalokuja kusema ni zito. Maji yaliyopo hapa kijijini leo yamepanda na nani? Gari limefungiwa. Tumeyapandisha sisi, kichwani. Basi sisi tulioyabeba tunasema yamwagwe. Akimwaga Fundi pipa moja leo, kesho sishuki bondeni. Asipomwaga, nitashuka kesho na keshokutwa na mpaka nizeeke."

Mwanamke mwingine akadakia kwa nyuma, "Na anayeona uchungu wa kumwaga, ndoo ipo, kesho asubuhi atangulie yeye!"

Wanawake wakapiga vigelegele. Mzee Chilumba alitazama chini, nadhani alikuwa akificha kicheko, kisha akasema taratibu, "Mwenye mzigo amesema."

Ndoo zikaja moja moja kutoka nyumba mbalimbali. Tukaosha rejeta mpaka maji yakatoka meupe. Na Mama Somoe hakuyaacha hata yale machafu: aliyakinga yote, akayakandikia ukuta wa jiko.

Mashindano yalianzia Lisekese siku ya sikukuu. Mzee Chilumba alishuka alfajiri, akasimamia mapipa yakijazwa hadi ukingoni, akafunga vifuniko kwa kamba ya katani na mafundo yake mwenyewe, kisha akapanda basi kututangulia Newala.

Magari yalikuwa machache lakini yalipendeza. Palikuwa na pikapu ya Tandahimba yenye magunia ya korosho, gari la kanisa na mabenchi yake, lori lililobeba matofali, na pikapu ya Bakari yenye mbuzi waliotazama umati kwa dharau. Mwalimu Roy alikuwa na kazi ya kuanzisha. Alipeperusha kitambaa cha meza, na macho yake yalikuwa na machozi. Alidai ni vumbi.

Bakari alipotupita alichungulia dirishani. "Msiyumbe sana, Baba Somoe, mtaichachusha!"

Baba Somoe aliondoa gari polepole. Aliendesha kama mtu abebaye mtoto mgonjwa. Alinieleza, macho yakiwa mbele, kwamba pipa lililojaa ni rafiki, kwa kuwa maji yake hayachezi; pipa lililo nusu ndilo linaloangusha gari kwenye kona. Tulipofika kwenye mchanga mzito tulisimama, tukapunguza upepo wa matairi, wengine wakitupita kwa kelele. Mbele kidogo tuliwakuta wawili kati yao wakichimba. Kumbukeni: mchanga haushindwi kwa hasira. Tairi laini hukanyaga, tairi gumu huchimba.

Kisha mlima. Baba Somoe aliingiza gia ndogo tukiwa bado tambarare, akashikilia mwendo mmoja. Mimi sikuwa na kazi ila kutazama mshale wa joto. Ulipanda. Ukapita mahali ambapo, kwa kawaida yake, Baba Somoe angesimama na kuchota. Nilimsikia akinong'ona dua. Mshale ukatulia. Haukushuka, lakini ulitulia, nasi tukaendelea kupanda, na nyuma yetu mapipa yalikuwa kimya.

Kwenye kona moja ya juu tuliikuta pikapu ya Bakari imefunguliwa boneti, mvuke ukitoka kama sufuria la pilau. Mbuzi walikuwa wakilia. Bakari alikuwa amevua shati, amelizungusha mkononi, tayari kufungua kifuniko cha rejeta.

Nilipiga kelele kutoka dirishani, "Acha! Utaungua uso!"

Akaacha. Baba Somoe akasimamisha gari. Nikaweka jiwe nyuma ya tairi. Bakari alikuja ametazama chini. Fundi wake alikuwa amebaki kwenye mchanga kusaidia lori la matofali. Bakari hakuwa na hata tone la maji. Akatazama mapipa yetu, akatazama kamba, akaelewa.

"Baba Somoe," akasema, "naomba maji."

Nawaomba mfikirie. Kule uwandani mtu hanyimwi maji. Na maji yale hayakuwa ya Baba Somoe. Fundo moja likilegea, jina lake limekwisha.

Baba Somoe alikaza kofia yake. "Ungeomba gongo ningekuambia tumeishiwa."

Bakari hakucheka. "Nisamehe, bwana. Nilisikia tu."

"Najua ulisikia."

Akainama chini ya kiti, akatoa dumu dogo la maji yetu ya kunywa, yote tuliyokuwa nayo, akanipa mimi. "Fundi, yatoshe rejeta. Na yakibaki, wape mbuzi. Wao hawajasema kitu."

Tukasubiri injini ipoe. Sikilizeni vizuri, maana hapa wengi wenu huua injini: maji baridi hayamiminwi katika injini yenye moto mkali, hedi, yaani kichwa cha injini, hupasuka. Ngojeni. Fungueni kifuniko kwa kitambaa kinene, robo mzunguko, pumzi itoke. Washeni injini iende polepole, mimineni kidogo, mngoje, mmimine tena. Wakati tunangoja, gari la kanisa lilitupita na mabenchi yake, na dereva akatupungia mkono kwa huruma.

Tuliingia Newala koo zimekauka, nyuma ya pikapu ya Tandahimba iliyoshinda, na nyuma ya gari la kanisa. Umati ulikuwa umekwisha kumbeba mshindi. Lakini watu wa Makote, waliokuja kwa miguu, walikuwa wamesimama pembeni, hawaimbi. Baba Somoe alizima injini, akachomoa ufunguo, akateremka akiwa ameushika kwenye kiganja kilicho wazi, akasimama mbele ya mwenyekiti.

"Shikamoo, Mzee. Fungua."

"Marahaba."

Mzee Chilumba alipanda garini mwenyewe. Alikagua mafundo yake, akafungua la kwanza, la pili, yote. Akainua vifuniko. Kutoka nilipokuwa niliona maji yakimeremeta ukingoni mwa kila pipa. Msikiti wa jirani ulikuwa umeanza kuadhini, sala ya alasiri. Mzee akaomba kata. Akachota, akainama ukingoni mwa gari, mbele ya watu wote wa Makote na wote wa Masasi waliokuja na hadithi yao, akaanza kutia udhu. Akaosha viganja. Akasukutua, akapandisha maji puani. Akaosha uso, mikono hadi viwiko, akapaka kichwa, akaosha miguu, taratibu, bila kuruka hata kimoja.

Hakuna hotuba iliyohitajika. Hakuna Mwislamu atiaye udhu kwa gongo. Nilimwona Bakari, aliyekuwa ndiyo kwanza anaegesha mbuzi wake, akivua kofia.

Wengi waliozishuhudia siku zile wamekwisha kutangulia. Fundi Oswald amelala Masasi, na Mwalimu Roy alirudi kwao. Mimi nashukuru kwamba nilifanya kazi kati ya watu walionifundisha kushika kabla ya kusema, na kati ya wanawake waliotoa maji yao ili mtu asafishwe jina. Nimewaandikia ili nanyi mwe na kitu cha kushika, kijiwe kitakapoanza tena kusimulia.

Mzee Chilumba alipomaliza, alivikunja vidole vya Baba Somoe juu ya ufunguo. "Kesho asubuhi, bondeni," akasema.

"Ndiyo, Mzee. Lakini sasa naomba maji ya kunywa. Yetu yaliisha mlimani."

Mzee Chilumba, mtu wa umri wa baba yake, hakumwita kijana wala mwanamke wa kutumwa. Alirudi kwenye pipa, akachota mwenyewe, akampa kwa mikono miwili.